Mkorogo Ambao Sikuwahi Kupaka

Ndugu zangu, kabla sijawashukuru kwa chai, na kabla hamjaanza kunihurumia, naomba niungame. Kwa miaka miwili mtaa wetu mzima hapa Mtendeni uliamini kwamba ninapaka mkorogo usoni. Mlinisema bombani, mlinisema harusini, na wengine wenu mlinifuata kwa upole mkanishauri nimwogope Mungu aliyenipa rangi yangu. Mimi nikawa nacheka na kuinamisha macho kama mwenye hatia. Mkorogo wenyewe sijawahi kuugusa hata kwa kidole. Nilikuwa nasema uongo, na uongo ule nikaubeba mpaka wodini, nikampa daktari, nusura uniue.

Haya, sasa mnaweza kunywa chai.

Nimeyaandika haya kwenye daftari kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilifika kidato cha nne na sipendi elimu ile ioze bure. Ya pili, tangu nilipougua kuna maneno hunitoroka nikiyahitaji. Juzi nilimwambia mume wangu aniletee kile kibanda cha kushika mkononi, mvua inakuja. Akaniletea mwavuli, Mungu ambariki, na hakucheka mpaka alipofika nje. Kwa hiyo mkiona nimenyamaza katikati msishtuke, natafuta mstari.

Mnanijua mimi ni mtu wa ndani. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo mabegani kutoka hapa mpaka pwani, miezi kwa miezi kwa miguu, wakafika, wakageuka, wakarudi. Damu yao ndiyo hii niliyonayo. Lakini mimi kutoka kwangu mpaka sokoni nilikuwa napumzika mara mbili, na mara ya pili naulizia kama hakuna mtu anayerudi nimtume. Kazi yangu ni kufuma kwa kroshia vitambaa vya makochi na vya meza, kazi ya kukaa, na niliichagua kwa sababu hiyohiyo. Mume wangu yuko kwenye ghala la tumbaku, na msimu wa ununuzi ukifika hupelekwa Urambo wiki nyingi. Akirudi hunikuta palepale aliponiacha. Husema angeweza kuniacha na maji ya kumwagilia tu, kama ua la kwenye kopo.

Na jirani yangu mnamjua. Simtaji jina, tumekubaliana hapa hatutaji majina, lakini ni yule pale karibu na birika, anayejifanya anahesabu vikombe. Nyumba zetu ni zile za zamani zilizoshikana, ukuta wangu wa mashariki ndio wake wa magharibi. Akitaka chumvi anagonga ukuta mara mbili. Akitaka umbea anagonga mara tatu. Mimi najibu kwa kugonga mara moja, maana yake nipo. Na mimi siku zote nipo. Ila kugonga wa kwanza, mimi kuanza kumgongea yeye, sikuwahi. Niliona ni usumbufu.

Yeye ni Mzaramo, aliolewa huku. Kwa hiyo ni mtani wangu, na hilo nawaeleza wadogo zetu ambao siku hizi hudhani utani ni mzaha wa kwenye simu. Wapagazi wetu walipofika pwani wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope, Wazaramo ndio waliowapokea, wakagombana, wakachekana, wakazikana. Misafara ikaisha, reli ikaja, utani ukabaki. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku. Ukifa yeye ndiye anayecheka msibani, na ndiye anayeshika jembe. Huyu wangu alikwisha kuniambia nikifa makochi ni yake, vitambaa nizikwe navyo kwa sababu vimepauka.

Utani ni kitu kitamu, ndugu zangu. Lakini nawaambia, ni mahali pazuri mno pa kujificha. Kila kitu ukikisema kwa kicheko, hakuna anayekuuliza mara ya pili.

Mambo yalianza kwenye vidole. Asubuhi za baridi, zile za mwezi wa sita na wa saba, vidole vyangu vilikuwa vinageuka vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga, halafu vinauma. Magoti nayo. Nikiamka nilikuwa nakaa kitandani nikiyabembeleza kama watoto wakorofi. Nywele zikawa zinatoka na kitana. Na uchovu, jamani, uchovu ambao ukilala nao unaamka nao. Nani angejua? Mtu ambaye siku zote ni mvivu akichoka, hakuna anayeona tofauti. Hata mimi mwenyewe sikuiona. Nilisema, basi uvivu umekomaa.

Kisha uso. Nikitoka juani kidogo tu, mashavu yote mawili na mgongo wa pua vinakuwa vyekundu, vinawaka, ngozi inachunika. Siku ya harusi ya mtoto wa mwenzetu, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanachambua mchele wa Igunga, jirani yangu akaniangalia akasema kwa sauti ya mnadani kwamba huyu Mnyamwezi ameona rangi ya udongo imemchosha, ameanza mkorogo. Watu wakaangua kicheko. Mimi pale nilikuwa na njia mbili. Niseme sijui uso wangu una nini na viungo vinaniuma, au nicheke. Nikacheka. Nikasema ndiyo, nataka mume wangu akirudi Urambo adhani ameoa tena.

Kwa nini? Nitawaambia, na hapa ndipo mtanivumilia kidogo.

Nilikuwa nimepoteza mimba tatu. Hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu, na ya tatu hata yeye nilimwambia baadaye. Mnajua desturi yetu, mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe, sasa ikiondoka kabla, utamwambia nani kwamba umepoteza kitu ambacho hukuwahi kusema unacho? Nilikuwa nafunga mlango siku mbili, watu wanasema leo hajatoka, wenzao wanawajibu lini alitoka. Yakaishia hapo. Mimi nikaogopa nikisema naumwa, watu wataanza kuhesabu miaka ya ndoa na vyumba visivyo na watoto, na wataunganisha. Nikaona afadhali kuitwa mwanamke wa mapambo kuliko mwanamke mgonjwa asiyezaa. Kiburi hicho. Nilikivaa kama kanga mpya.

Basi ikafika asubuhi moja ya mwezi wa saba. Mume wangu yuko Urambo. Nimekaa kwenye kigoda, nafuma, na kroshia ikadondoka. Nikainama kuiokota, mkono wa kulia haukuja. Niliutazama. Ulikuwa umelala pajani kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau kwangu. Nikataka kusema ala, ikatoka sauti ya mbuzi. Nikateleza kutoka kwenye kigoda, nikakaa chini, na nakumbuka nilichowaza, nawaambia ukweli mtupu: niliwaza kwamba kitambaa kitachafuka.

Ndipo ukuta ukagongwa mara mbili. Chumvi. Sikuweza kujibu. Ukagongwa tena. Halafu nikasikia mlango wake, na malapa yake yanakuja mbio, na yeye si mtu wa mbio. Alikuja kuniambia baadaye kwamba mtu mwingine asipojibu unafikiri ametoka, lakini huyu asipojibu, ama amekufa ama yuko njiani kufa, maana hana mahali pa kwenda. Kwa hiyo akina dada mnaonicheka kwa kukaa ndani, siku ile ndani ndiko kuliniokoa.

Akanifikisha hospitali. Wakasema ni kiharusi, upande wa kulia na ulimi. Mkono ulianza kurudi kidogokidogo siku zile za kwanza, na maneno pia, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani. Daktari aliyenishika ni binti mdogo, ungesema ni mdogo wangu wa mwisho. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo mama, najibu marahaba, ananiuliza najisikiaje, nasema salama. Nusu ya mwili imelala, mdomo umekwenda upande, na mimi salama. Tumelelewa vibaya na adabu.

Akaniwekea kipimo chake kifuani, akasikiliza muda mrefu, akasema kuna sauti moyoni haimfurahishi. Wakanipeleka kwenye mashine ile inayoonyesha moyo kama runinga. Akarudi na kiti, akakaa. Daktari akivuta kiti, ndugu zangu, jikazeni.

Akasema moyo una milango, ndiyo wao wanaiita valvu, inafunguka na kufunga damu ipite isirudi nyuma. Kwenye mlango mmoja wangu damu ilikuwa imeganda, imekaa pale vibonge vidogo vidogo. Kipande kimoja kilikatika, kikaenda na damu mpaka kwenye ubongo, kikaziba njia. Ndicho kiharusi changu. Na vingine bado vipo pale mlangoni.

Nilimwelewa vizuri sana. Damu ya wapagazi, iliyotembea mpaka baharini, imefika kwangu ikaamua kukaa kizingitini.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na tatizo, na naomba mnisikilize. Daktari alisema vibonge vya namna hiyo mara nyingi huletwa na wadudu walioingia kwenye damu. Kwa hiyo walinianzishia sindano za kuua wadudu, huku damu yangu wameiotesha maabara waone kitakachomea. Siku zikapita, hakikumea kitu. Homa sina. Wakaotesha tena, hakuna. Akaja akaniambia, kwa maneno haya nakumbuka:

"Mama, wadudu siwaoni. Kuna vibonge vinavyokaa kwenye valvu bila mdudu yeyote. Lakini haviji hivihivi, kuna ugonjwa mwingine nyuma yake unaoifanya damu igande. Nikiujua nitakutibu. Nisipoujua nabahatisha, na kipande kingine kinaweza kuruka wakati wowote."

Nikamwuliza kwa ulimi wangu wa mbuzi, ugonjwa gani. Akasema kwa wengine ni saratani iliyojificha, tumboni, kwenye mapafu, popote. Kwa wengine ni kinga ya mwili yenyewe imechanganyikiwa, askari wa nyumbani wanampiga mwenye nyumba. Kwa wengine ni damu yenye tabia ya kuganda hovyo. Na kwa nini asinipe tu dawa ya kuzuia damu kuganda? Akasema kama ni wadudu na tumekosea, dawa ile inaweza kunivujisha damu kichwani. Kama si wadudu, hizi sindano ni kama maji. Lazima ajue. Kwa hiyo akaanza kuniuliza maswali, na jirani yangu amekaa palepale kitandani, ananimenyea chungwa.

Uso huu umekuwaje? Kabla sijafungua mdomo, jirani akajibu.

"Mkorogo huo, daktari. Tumemsema mpaka tumechoka."

Daktari akanitazama mimi. Na mimi, ndugu zangu, mtu niliyekuwa na vibonge mlangoni mwa moyo, nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, ni mkorogo. Miaka miwili nimewachekea nao. Leo nitauvua mbele ya mtani wangu, wodini, na nusu ya mdomo?

Viungo vinauma? Nikasema ni umri. Umewahi kuharibikiwa mimba? Chungwa likasimama mkononi mwa jirani. Nikasema hapana.

Daktari akaandika. Akasema krimu nyingine zina vitu vikali, akamwomba jirani akienda nyumbani alete kopo lenyewe walione. Kisha wakaanza kunitafutia saratani. Walinipiga picha ya kifua, wakanipima tumbo, wakanikagua matiti. Wiki ile nilikuwa nakufa kila jioni na kufufuka kila majibu yakirudi safi. Mume wangu alikuwa amefika kutoka Urambo, amekaa pembeni ananikanda vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, kama anatafuta kilichopotea. Alikonda yeye kuliko mimi. Na mimi jibu ninalo, limelala chini ya ulimi, naona haya kulitema.

Sasa jirani yangu alikwenda kutafuta kopo. Alikuwa na funguo zangu, na ana haki ya utani, kwa hiyo hakuomba ruhusa. Alipekua chumba changu chote. Chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya masufuria ya wageni. Mtu mwingine angechoka. Mzaramo akitafuta ushahidi dhidi ya Mnyamwezi hachoki.

Asubuhi yake akaja na uji wa karanga, akaanza kuninywesha. Nikataka kumwambia ni wa moto. Maneno hayakuja. Safari hii hata sauti ya mbuzi haikuja. Uji ukamwagika pembeni mwa mdomo, nikawa namwona anapiga kelele lakini kama yuko ng'ambo ya kioo. Manesi wakaja, daktari akaja. Haikuchukua muda, kama kikombe cha chai kupoa, kisha sauti ikarudi. Daktari akasema kipande kingine hicho, kidogo, tumepewa onyo.

Walipotoka, jirani yangu akakaa. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo la mafuta ya mgando, yale ya kawaida ya watoto. Akaliweka kitandani. Akasema amepekua nyumba nzima, krimu hakuna. Kisha akatoa kitu kingine, kimefungwa kwenye leso yake. Akakifungua.

Zilikuwa kofia tatu za mtoto. Nyeupe, za kroshia. Nilizifuma mwenyewe, moja kwa kila safari, na niliziweka ndani ya foronya nyuma ya kabati mahali ambapo nilidhani hata mimi nimepasahau.

"Mtani," akaniambia taratibu, "mkorogo uko wapi?"

Mnajua, angenitukana ningejibu. Angecheka ningecheka. Lakini aliuliza kama anamuulizia mtoto aliyepotea. Nikalia. Nikalia kwa upande mmoja wa uso, maana mwingine ulikuwa bado haujajifunza, na yeye akawa ananifuta ule mwingine asijue kwamba hauna machozi. Nikamwambia yote. Vidole, magoti, nywele, jua. Mimba tatu. Kwamba kila aliponitania mbele za watu nilikuwa namshukuru kimoyomoyo, kwa sababu ananifunika.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa wodi, akamwita daktari kwa sauti ileile ya mnadani, wagonjwa wote wakageuka. Akamwambia aje na kalamu.

Daktari alikuja. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, na kofia zile ziko mapajani. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Aliandika haraka sana, halafu akasema, kama anajisemea, uso, viungo, mimba tatu, vibonge bila mdudu. Akaniambia mambo haya niliyoyaficha kila moja kwenye mfuko wake ni kitu kimoja. Akasema anadhani ni lupasi, ugonjwa wa kinga kujishambulia, na pamoja nao damu yenye tabia ya kuganda. Tabia hiyohiyo ya damu, akasema, huenda ndiyo iliyowaondoa watoto wale. Ilikuwa inaganda kwenye kondo la nyuma, njia ambayo mtoto anapata chakula.

Nikamwuliza, kwa hiyo si mimi niliyenyanyua ndoo? Kwa sababu kwenye ile mimba ya pili nilikuwa nimenyanyua ndoo ya maji, ndugu zangu, na kwa miaka sita nilikuwa nimejihukumu kwa ndoo ile. Akasema, "Si ndoo, mama." Maneno matatu. Mume wangu alikuwa ameingia, amesimama nyuma yake. Alitoka nje, na siku ile hakutoka kwenda kucheka.

Damu ikachukuliwa, ikapelekwa mbali kupimwa. Damu yangu imesafiri kuliko mimi. Daktari hakusubiri majibu. Alisema sasa amesimama pazuri, akanianzishia sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, kisha vidonge. Majibu yalipokuja yakawa ndiyo. Na kwa ile lupasi akanipa dawa ambayo ni ndugu wa klorokwini, wakubwa mnaikumbuka ilivyokuwa inawasha. Iliniwasha wiki mbili nikajikuna kama mbwa wa sokoni, lakini magoti yakaanza kunisamehe.

Nisiwadanganye kwamba nimepona kabisa. Ugonjwa huu hauondoki, unakaa, na mimi nakaa nao, kukaa ni fani yangu. Nina kidonge cha kila siku cha damu, na kila mara napimwa kama damu imekuwa nyepesi mno au nzito mno. Naambiwa mlenda na kisamvu nile kwa kiasi kilekile siku zote, nisifakamie leo na kususa kesho, maana vinagombana na kidonge. Dawa yoyote ya duka au ya miti lazima niulize kwanza. Na tumeambiwa habari ya mtoto ikitujia tuwaone wao kabla, si baada, kwa sababu kidonge hiki si rafiki wa mimba, kuna njia nyingine. Tunafikiria. Kofia zipo.

Kipimo cha moyo cha mwisho, vibonge havionekani. Mlango unafunga. Daktari alinionyesha kwenye ile runinga, na mimi nikautazama moyo wangu unafungua na kufunga, unafungua na kufunga, nikaona aibu kidogo kwamba ndani yangu kuna kitu kinafanya kazi kwa bidii namna ile na hakijawahi kupumzika njiani.

Mkono niliufundisha upya kwa kroshia. Jirani yangu alikuwa anashika uzi, na kitambaa cha kwanza kilipotoka akauliza ni cha meza ya pembe ngapi. Kila alfajiri kabla jua halijapanda ananiburuta tutembee. Tulianza mpaka kwenye kona. Sasa tunafika mpaka relini na kurudi, na mwezi uliopita hatukupumzika hata mara moja, ingawa nilidai. Jua likishatoka natakiwa niwe kivulini au ndani, amri ya daktari, imeandikwa kwenye kadi. Mume wangu anasema lazima nilimhonga, haiwezekani mtu apewe cheti cha kukaa nyumbani.

Namshukuru mume wangu, aliyeuliza maswali machache na kukanda vidole vingi. Namshukuru binti yule daktari na manesi wake. Nawashukuru ninyi mliopokezana kuleta chakula wodini, hata aliyeleta matobolwa, vile viazi vikavu, tena magumu, meno yangu yalikuwa hayajapooza. Nawashukuru hata mlioniombea niache mkorogo. Maombi yale yalifika, anwani tu ndiyo ilikuwa na makosa.

Na ninachowaachia ni hiki. Ukiwa mbele ya daktari usimpe lile jibu ulilozoea kuwapa watu wa bombani. Yeye hawezi kuuona mlango wa moyo wako kupitia kicheko chako. Mwambie na lile unaloliona halihusiani, lile la zamani, lile la aibu. Kwangu mimi ndilo lililokuwa linahusiana. Na wewe unayemtania mwenzako, endelea, utani ni dawa. Ila siku mojamoja, mkishacheka, muulize mara ya pili.

Jana nilimsomea jirani yangu haya yote, nione kama kuna la kuondoa, maana yumo sana. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Nikamwuliza, mtani, kuna la kuongeza? Akatupa jiwe moja nje, akasema:

"Mkorogo huna, uzuri huna, na akili zenyewe ni za kuazima. Lakini ukuta unao. Ukiumwa, gonga."